Karatasi ya Manjano ya Lamu

Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022. Kiunga, kaunti ya Lamu nchini Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Mpiga kura anaweka kidole kwenye mashine, jina lake linatokea, anakabidhiwa karatasi sita. Nyeupe ya rais, buluu ya gavana, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, ya rangi ya kaki ya mwakilishi wa wadi.

Na moja ya manjano. Ya seneta.

Masanduku nayo ni sita, kila moja na kifuniko cha rangi yake ili mtu asikosee. Anaikunja ile ya manjano, anaitumbukiza, anatoka.

Karatasi hiyo imenikalia kichwani wiki kadhaa sasa, na chanzo ni hesabu ndogo ya kugawanya. Mwaka huo Lamu ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi kidogo ya 81,000. Nairobi ilikuwa nao zaidi ya milioni 2.4. Lamu ilichagua seneta mmoja. Nairobi ilichagua seneta mmoja. Ukigawanya, karatasi moja ya manjano ya Kiunga ina uzito wa karibu karatasi 30 za Nairobi.

Uzito wa nini, hasa?

## Kiti kimoja, wadi kumi

Kiti cha Seneti cha Lamu ni kaunti nzima. Lamu Mashariki ina wadi za Faza, Kiunga na Basuba. Lamu Magharibi ina Mkomani, Shella, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote kati ya 47. Nairobi walihesabiwa 4,397,073.

Uchache huo haupunguzi kazi ya kuomba kura. Mgombea anawatafuta Waamu wa Mkomani, Wabajuni wa Faza na Ndau, Waboni wa Basuba, na wakulima wa Mpeketoni ambao familia zao zilipewa mashamba kwenye mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta miaka ya 1970. Anahitaji boti na gari, na mafuta ya vyote viwili. Kijiji kimoja kinataka kusikia habari za nyavu na mipaka ya bahari, kingine hati za mashamba, kingine usalama wa barabara ya kwenda Garsen.

Eneo bunge lina kipimo chake. Ibara ya 89 ya Katiba inaliruhusu kupishana na wastani wa kitaifa kwa asilimia 40 mijini na penye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Likizidi hapo, tume ya uchaguzi hulazimika kulipima upya. Kwa Seneti kipimo hicho hakipo. Mipaka ya kaunti haipimwi upya kila watu wanapoongezeka au kupungua, na kuibadilisha kunahitaji tume huru maalumu pamoja na thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na ya Seneti.

Kwa hiyo tofauti ya mara 30 si kosa la wachora mipaka. Imewekwa makusudi.

Abu Chiaba, aliyekuwa mbunge wa Lamu Mashariki, alikalia kiti hiki mwaka 2013. Mwaka 2017 kikaenda kwa Anwar Loitiptip. Mwaka 2022 kikaenda kwa Joseph Githuku. Chaguzi tatu, watu watatu. Kila baada ya miaka mitano kaunti hii imempeleka mtu mpya kwenda kujifunza Kanuni za Kudumu zinazoongoza vikao vya Seneti, huku kaunti nyingine zikiwarudisha wale wanaojua tayari ni kamati ipi inayobana na saa ngapi hoja hupita. Naamini hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyoisema.

## Kura ya kaunti

Kuna jambo ambalo kampeni hazilielezi kabisa. Linapofika suala linalogusa kaunti, maseneta 67 hawana kura 67.

Wana kura 47.

Ibara ya 123 inasema maseneta wote walioandikishwa kupiga kura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja. Kiongozi wa ujumbe ni yule aliyechaguliwa kwa karatasi ya manjano. Wale 20 wa kuteuliwa, yaani wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, wanaingia kwenye ujumbe wa kaunti walikojiandikisha. Kiongozi anashauriana na wenzake, kisha anatamka kura moja kwa jina la kaunti.

Ina maana kwamba kuna ujumbe wa watu watatu na kuna ujumbe wa mtu mmoja, na kura ni ile ile. Ina maana pia kwamba mahali alipojiandikisha seneta wa kuteuliwa kunaihusu kaunti moja kwa moja. Shakilla Abdalla, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Lamu kuanzia 2013 hadi 2017, aliingia Seneti kwa uteuzi mwaka 2022. Mtu kama huyo akiwa kwenye daftari la kaunti yake ya nyumbani, kaunti imepata msaidizi. Akiwa amejiandikisha Nairobi kwa sababu ndiko anakoishi, ujumbe wa nyumbani umebaki na mtu mmoja.

Yapo mambo ambayo kila seneta hupigia kura yake mwenyewe. Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2024, Naibu Rais Rigathi Gachagua alipong'olewa, ilihitajika thuluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45 kati ya 67. Usiku huo wa kuteuliwa na wa kuchaguliwa walikuwa sawa. Gavana anaposhtakiwa, kama Ferdinand Waititu wa Kiambu Januari 2020, jumbe za kaunti ndizo hupiga kura. Kabla ya kura Spika hutamka kama jambo lililoko mbele linagusa kaunti au haligusi. Tamko hilo fupi ndilo huamua kama Lamu ni moja ya 47 au ni moja ya 67.

## Kiti kitupu nacho kinapiga kura

Hapa ndipo fikira zangu zilipogeuka.

Nilikuwa nikidhani mtu asiyehudhuria ni kama mtu asiyekuwepo: hakuongeza, hakupunguza. Soma tena ile Ibara ya 123. Jambo linapita tu likiungwa mkono na wengi wa jumbe zote. Haikusema jumbe zilizohudhuria. Zote ni 47, wengi wake ni 24, na 24 hiyo haishuki hata ukumbi ukiwa na watu thelathini.

Kwa hiyo seneta aliyebaki nyumbani amepiga kura ya hapana. Hakuna aliyemuuliza sababu, jina lake halimo kwenye orodha ya waliopinga, lakini upande unaotafuta 24 umemkosa.

Weka hilo kando ya Ibara ya 121, inayosema Seneti inaweza kukaa ikiwa na watu 15 tu. Watu 15 wanatosha kufungua kikao, kusoma mswada na kuujadili mchana kutwa. Hawatoshi kuupitisha. Pengo la kati ya 15 na 24 ndilo linaloeleza kitu ambacho msomaji wa Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala, hukutana nacho mara kwa mara: mjadala umekwisha, mtoa hoja amejibu, kisha Spika anaahirisha kura hadi siku nyingine. Kura hizo hurundikwa, zikaja kupigwa kwa mfululizo siku ambayo idadi imepatikana. Mswada wa afya ya mama na mtoto unaweza kungojea wiki nzima kwa sababu viti viwili vilikuwa vitupu.

Dawa ipo ndani ya ibara hiyo hiyo. Kiongozi asipokuwepo, mjumbe mwingine wa kaunti yake aliyemteua anaweza kupiga kura hiyo. Yanayoharibika ni mawili. La kwanza, kiongozi anasafiri bila kumteua mtu. La pili, hakuna wa kumteua, kwa kuwa ujumbe ni yeye peke yake.

Wenye kutaka jambo lisipite wanaijua hesabu hii vizuri sana. Agosti 2020, wakati Seneti ilipokuwa imekwama kwenye fomula ya kugawa mapato, polisi waliwakamata maseneta watatu siku moja, tarehe 17: Cleophas Malala wa Kakamega, Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Langat wa Bomet. Ilikuwa siku iliyopangwa kuwa ya kura. Wenzao walikataa kuendelea na kikao kikaahirishwa. Kila aliyekuwa ukumbini alielewa kwamba viti vitatu kati ya 47 vinaweza kugeuza matokeo.

## Shilingi milioni 900

Mvutano ule wa 2020 ndio ulioonyesha karatasi ya manjano inanunua nini.

Ibara ya 217 inaipa Seneti kazi ya kuamua, kila miaka mitano, msingi wa kugawa fedha kati ya kaunti. Msingi wa kwanza ulitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa uangalifu wa fedha. Mgao sawa maana yake ni kwamba fungu hilo linakatwa vipande 47 vinavyolingana. Mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zilipewa shilingi bilioni 190. Robo yake ukiigawanya kwa 47 unapata kama bilioni 1 kwa kila kaunti. Lamu mwaka huo ilipata bilioni 1.5 kwa jumla.

Thuluthi mbili za mapato ya Lamu zilitoka kwenye fungu ambalo halikuuliza ina watu wangapi.

Msingi wa tatu ulipofika, Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaka kubadili vigezo. Kaunti kama Wajir, Mandera, Marsabit na Kwale zikaona zitapoteza mabilioni. Upande mmoja ukasimama na kauli ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande wa pili ukasema hakuna kaunti itakayonyang'anywa inachopata sasa. Seneti ilishindwa kukubaliana mara baada ya mara, kaunti zikakaa bila fedha, mishahara ikachelewa. Kamati ya watu 12 chini ya Moses Wetang'ula na Johnson Sakaja ikaundwa, na tarehe 17 Septemba suluhu ikapita.

Nusu ya mgao wa 2019/20, yaani kama bilioni 158 kati ya 316.5, iliachwa ilivyo, kila kaunti ibaki na nusu ya chake. Kilichozidi ndicho kiligawanywa kwa vigezo vipya: idadi ya watu asilimia 18, afya 17, kilimo 10, huduma za miji 5, umaskini 14, ardhi 8, barabara 8, mgao sawa 20. Na fomula isingeanza kutumika hadi chungu chenyewe, yaani jumla ya fedha za kaunti zote, kifike bilioni 370, ambacho kilifika mwaka 2021/22.

Fanya hesabu ya mgao sawa. Toa 158 kwenye 370, zinabaki 212. Asilimia 20 yake ni kama bilioni 42. Gawanya kwa 47: takriban shilingi milioni 900 kwa kila kaunti, Lamu na Nairobi sawasawa. Kwa Nairobi, iliyopata kama bilioni 19.2, milioni 900 ni chini ya asilimia 5. Kwa Lamu, iliyopata kama bilioni 3.1, ni karibu asilimia 30.

Ningependa mtu aliyesema seneta hana kazi aangalie tarakimu hiyo moja. Mbunge wa Lamu ni mmoja kati ya wengi katika Bunge la Taifa, ambako viti vinafuata watu. Angesimama huko kudai mgao sawa, angezidiwa kabla ya kumaliza sentensi. Seneti ndiyo nyumba pekee ambayo Lamu inaingia ikiwa na urefu sawa na wengine.

## Shaka

Lakini gawanya tena, safari hii kwa kichwa. Bilioni 3.1 kwa watu 143,920 ni zaidi ya shilingi 21,500 kwa kila mtu wa Lamu. Bilioni 19.2 kwa watu milioni 4.4 ni kama shilingi 4,400 kwa kila mtu wa Nairobi.

Mgala muue na haki umpe. Mama anayejifungua Mathare hana raha kuliko mama anayejifungua Faza. Ukimwambia kwamba serikali ya kaunti yake imepewa moja ya tano ya anachopewa mwenzake, ana haki ya kuuliza kwa nini. Kauli ya shilingi moja haikuwa ya uchoyo tupu. Nyuma yake walikuwepo watu maskini wengi sana wanaoishi kwenye kaunti zenye watu wengi.

Nimelizungusha jambo hili, na linaponifikisha ni kwenye boti. Mgonjwa wa Kiwayu haendi hospitali ya King Fahd mjini Lamu kwa nauli ya matatu. Huletwa kwa chombo, kwa mafuta, kwa kungoja maji yajae, na upepo wa kusi ukichafuka huletwa kesho. Kaunti lazima iwe na gavana, bunge la kaunti, wizara, ofisi ya fedha na mkaguzi, iwe na watu laki moja na nusu au milioni nne. Gharama ya kuwa kaunti haigawanyiki kwa vichwa. Ndiyo maana naukubali mgao sawa.

Naukubali kwa kiasi. Mara 30 kwenye kura na mara 5 kwenye fedha ni upendeleo mkubwa, na anayependelewa hivyo anadaiwa maelezo ya matumizi kuliko wengine.

Seneti iliwahi kufa, na hilo linanitia wasiwasi pia. Ile ya kwanza ilianza 1963 ikiwa na maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, Spika wake akiwa Muinga Chokwe, mtu wa Pwani. Mwisho wa 1966 ilivunjwa, maseneta wakaongezwa kwenye Bunge, viti vya kuchaguliwa vikapanda kutoka 117 hadi 158. Haikuchukua miaka minne. Wilaya ndogo zikapoteza mahali pao pekee pa kulingana na kubwa, na hazikupapata tena mpaka 2013.

## Yaliyoamuliwa kwingine

Shaka ya pili ni chungu zaidi. Mambo makubwa ya Lamu katika miaka hii hayakuamuliwa Seneti.

Bandari mpya ilipochimbwa na wavuvi wakapoteza maeneo yao ya kuvua, kesi iliyofunguliwa 2012 ndiyo iliyozaa hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 2018: fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,000. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulisimamishwa na Baraza la kuamua kesi za mazingira tarehe 26 Juni 2019, lilipofuta leseni yake kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wazee, wavuvi na mawakili wao ndio waliokwenda. Kiti chenye uzito wa 30 hakikuwa mbele yao.

Sehemu ya jibu ni kwamba bandari na umeme ni kazi za serikali ya kitaifa, na mkono wa Seneti umefungwa kwenye mambo ya kaunti. Sehemu nyingine ni kwamba hatujazoea kukitumia kiti hiki.

## Namna ya kukitumia

Seneta hana mfuko. Basari na madarasa ni ya mbunge kupitia mfuko wa eneo bunge. Mwakilishi wa wanawake ana mfuko wake. Wanaomsubiri seneta bandarini kwa mchango wa harusi au matanga wanamdai asichopewa na sheria, na yeye, ili asionekane bahili, hutoa mfukoni mwake na kuacha ukaguzi.

Ukaguzi ndio kazi yake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatakiwa kumaliza ripoti ya kila kaunti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na gavana huitwa na kamati ya Seneti ya hesabu za kaunti ajibu hoja moja moja. Ripoti iko wazi kwa umma. Soma kurasa za mwanzo, utakuta maoni ya mkaguzi na orodha ya miradi iliyolipiwa bila kukamilika. Mpelekee seneta namba ya aya na jina la mradi. Aliyeandikiwa tu kwamba pesa zinaliwa hana cha kumuuliza gavana.

Malalamiko ya watu wengi yanakwenda kwa ombi rasmi, na maombi mengi huanguka kwa makosa madogo. Liandike kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, bila kufutafuta. Lielekeze kwa Seneti. Eleza jambo, eleza ulikokwisha kulipeleka na jibu ulilopata, sema wazi kama liko mahakamani au haliko. Malizia kwa kutaja unachotaka Seneti ifanye. Kisha majina, anwani, namba za vitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba. Lipeleke kwa Karani wa Seneti. Ana siku saba za kuangalia kama limefuata sheria. Likishawasilishwa ukumbini na kukabidhiwa kamati, kamati ina siku 60 za kujibu.

Yanayoliangusha ni haya: hakuna ushahidi kwamba ulianza kwa ofisi inayohusika, au jambo liko tayari mbele ya jaji, au ombi linaomba Seneti ijenge gati. Seneti haijengi gati. Inaweza kumwita anayepaswa kulijenga na kumuuliza pesa ziko wapi.

Na jambo la haraka, kama daktari kukosekana Faza, halihitaji sahihi mia. Seneta anaweza kusimama na kuomba kauli kutoka kwa kamati ya afya. Mwombe afanye hivyo, halafu fungua Hansard uone kama alifanya. Ukiwa humo tafuta orodha za kura. Kila kaunti imeandikwa pamoja na jina la aliyeitamkia. Pitisha kidole mpaka Lamu, mswada mmoja baada ya mwingine, uhesabu mara ngapi jina lipo na mara ngapi nafasi imerukwa.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Watakuja na boti Faza, na magari Mpeketoni, na fulana. Kabla mgombea hajaulizwa habari za basari, aulizwe hili: siku utakayokuwa hupo ukumbini, umemteua nani aitamke kura ya Lamu?